Je, Tuijumlishe Huduma?

Ukiwa Kolombia na umemaliza kula, usitegemee bili ije yenyewe. Itakubidi uiombe, na ukishaiomba mhudumu haondoki papo hapo. Anasimama kidogo kando ya meza na kuuliza, “¿Desea incluir el servicio?” Anataka kujua kama ungependa huduma ijumlishwe. Ukiitikia, asilimia 10 inaongezwa. Ukikataa, unaletewa bili ya chakula peke yake na hakuna anayekununia. Niliulizwa hivyo kwenye mkahawa wa vioo kaskazini mwa Bogotá, nikaulizwa karibu maneno hayo hayo kwenye kibanda cha samaki huko milimani, na katika mengi mazuri niliyoyaona nchini humo hili nililiheshimu kuliko yote. Bakshishi, ambayo kwingi mgeni huachiwa aikisie kwa kutazama meza ya jirani, pale inatamkwa kwa sauti, na mwenye kuitarajia ndiye anayekupa nafasi ya kuikataa.

Kilichonipeleka Kolombia ni kahawa. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, na kwetu jina la Kolombia tumelisikia tangu utotoni, maana katika hesabu za Shirika la Kimataifa la Kahawa lenye makao yake London, kahawa ya Tanzania na ya Kenya imewekwa kundi moja na ya Kolombia, na kundi lenyewe linaitwa kwa jina lao. Wachaga walianzisha chama chao cha wakulima wa kahawa mwaka 1925; Shirikisho la Wakulima wa Kahawa la Kolombia likaanzishwa miaka miwili baadaye, 1927. Nilitaka kuwaona watu hawa ambao bei yao na bei yetu hupanda na kushuka pamoja. Niliwaona, nikatembea mashambani mwao, na iko siku nitaandika juu ya miche na mbolea. Lakini daftari langu la safari lilijaa mambo ya mezani: bili, chenji, na maneno ya Kihispania ya kuulizia pesa bila kumvunjia mtu heshima.

Sababu yake iko mlimani kwetu. Kaka yangu mkubwa alikuwa mpagazi wa Kilimanjaro kwa miaka mingi. Kanuni za hifadhi zinasema mpagazi asibebe zaidi ya kilo 20, na yeye alizibeba hizo kilo 20 juu ya begi lake mwenyewe, kwenye baridi, kwa viatu vya kuazima. Ujira wa siku ulikuwa mdogo. Kilichomtunza ni tipu, kama wanavyoiita vijana wa mlimani. Siku ya mwisho getini wageni wanaimbiwa, wanacheza kidogo na wapagazi, wanapiga picha, kisha bahasha inatolewa. Nyumbani tulikuwa na maswali mawili: bahasha ilikuwa na kiasi gani, na kaka amepata kiasi gani. La kwanza mara nyingi hakulijua. Bahasha ilipita mikono kadhaa kabla ya kumfikia yeye aliyebeba hema. Kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, ambao tangu 2003 umekuwa ukihimiza kampuni za utalii ziwaache wageni wataje hadharani, mbele ya kikosi kizima, kila mtu amepewa kiasi gani. Nililiona jambo hilo likianza kufanya kazi, na tangu hapo siwezi kuweka pesa juu ya meza ya mkahawa bila kujiuliza itaingia mfuko wa nani.

Njiani nilipumzika Madrid, na kule mambo ni mepesi. Bei iliyoandikwa ina kodi ndani, mhudumu anaishi kwa mshahara wake, na watu huacha sarafu chache kwenye kisahani kile kile kilicholeta bili, au hawaachi kitu. Kwenye baa za zamani sarafu hizo huingia kwenye chombo cha pamoja kinachoitwa bote, na bado kuna wahudumu wanaopiga kengele na kulitamka neno hilo kwa sauti mteja anapoacha kitu. La kuuliza Hispania ni kuhusu mkate na kiti: mkate uliowekwa mezani bila kuagizwa unaweza kuingia kwenye bili, na kukaa nje kwenye meza za barazani huweza kuwa na bei yake ya ziada. “¿El pan se cobra aparte?” linatosha kujua kama mkate unalipiwa peke yake.

Bogotá iko mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Moshi hahangaiki na baridi yake. Nilikaa La Candelaria, mtaa wa kale wenye nyumba za rangi na barabara za mawe, na mlo wangu wa kwanza ulikuwa ajiaco: supu nzito ya kuku na viazi vya aina tatu, kimojawapo kidogo na cha njano ambacho huyeyuka na kuifanya supu iwe uji, pamoja na kipande cha gunzi la mahindi, jani liitwalo guascas, krimu ya maziwa na kaparasi pembeni. Karibu na keshia palikuwa na tangazo ukutani lenye maandishi madogo, lenye kichwa kinachoonya kuhusu propina, yaani bakshishi. Nililisoma lote wakati supu inapoa.

Tangazo hilo liko kila mahali panapopendekezwa bakshishi, kwa kuwa ni la lazima. Linasema, kwa ufupi, kwamba nyumba hii inampendekezea mteja bakshishi ya asilimia 10 ya bili. Kwamba mteja anaweza kuikubali, kuikataa au kuibadilisha kadiri anavyoipima huduma aliyopewa. Na kwamba wakati wa kuomba bili amweleze anayemhudumia kama anataka ijumlishwe au la. Chini yake imeelezwa mahali pa kupeleka malalamiko, yaani kwa Superintendencia de Industria y Comercio, mamlaka ya serikali inayolinda watumiaji.

Nyuma ya tangazo kuna Sheria namba 1935 ya mwaka 2018, sheria nzima iliyotungwa kwa ajili ya bakshishi tu. Imeweka ukomo: kinachopendekezwa kisizidi asilimia 10. Halafu inafika pale nilipopataka mimi. Pesa hiyo ni ya wafanyakazi walio katika mnyororo wa huduma, wa mezani na wa jikoni pia. Mwenye mali hana fungu ndani yake. Haruhusiwi kuitumia kununulia vyombo badala ya vilivyovunjika, wala kulipia zamu, wala kuziba gharama yoyote ambayo kwa haki ni ya kwake. Nilisoma sheria hiyo usiku ule kwenye simu, nikisaidiwa na kamusi, na nilipofika kwenye vyombo vilivyovunjika nilimkumbuka kaka, aliyewahi kukatwa kwa ajili ya mlingoti wa hema uliovunjwa na upepo.

Basi mhudumu alipokuja kuniuliza, sikuwa mtu wa kubabaishwa na swali. Nilijibu, “Sí, por favor,” akanijibu kwa neno ambalo Wakolombia hulisema mchana kutwa, “Con mucho gusto,” kwa furaha kubwa.

Kihispania cha mezani kwao kina adabu ambayo Mswahili anaielewa haraka. Mtu wa Bogotá haingii kwenye swali la pesa moja kwa moja. Anatanguliza “qué pena”, na hapo anaomba radhi kwa usumbufu kabla hajauliza, sawasawa na sisi tunavyotanguliza samahani. “Qué pena, ¿el servicio ya está incluido?” ndilo swali nililolitumia kuliko yote, la kujua kama huduma imeshajumlishwa. Bili yenyewe huombwa kwa kusema “¿Me regala la cuenta?”, na ingawa kitenzi hicho kwa kawaida ni cha kutoa zawadi, hakuna atakayedhani unataka kula bure. Mhudumu anaitwa usted, namna ya heshima, awe kijana au mzee, na ukipata mtu wa maeneo ya Boyacá atakuita sumercé kwa upole kana kwamba mmelelewa pamoja. Kupiga vidole au mluzi kumwita mhudumu ni utovu wa adabu kule kama ilivyo kwetu. Unanyanyua mkono kidogo, unangoja macho yakutane.

Ukiipata bili, isome. Kuna mstari wa kodi, impoconsumo, asilimia 8, ambayo kwa kawaida imeshaingia kwenye bei za menyu. Kuna mstari wa servicio au propina. Wageni wengi huchanganya hiyo miwili, wakidhani kodi ndiyo huduma, au huduma ndiyo kodi na kwa hiyo haikataliki. Kodi ni ya serikali na haina mjadala. Ya pili ni yako kuamua hadi dakika unapolipa. Alama ya dola iliyo mbele ya tarakimu isikushtue, kwa kuwa peso ya Kolombia huandikwa kwa alama hiyo hiyo, na nukta hutenganisha maelfu. Mtanzania aliyezoea kuhesabu kwa maelfu ya shilingi atakuwa mwepesi wa hesabu hizi kuliko Mzungu aliyekaa naye meza moja.

Na ukilipa kwa kadi ya mkopo kuna swali jingine linalofuata, ambalo limewachanganya wageni wengi kwa kuwa linakuja kasi na mashine imeshashikwa mkononi: “¿A cuántas cuotas?” Mtu ambaye ametoka kuzungumzia asilimia hudhani bado anaulizwa ya bakshishi. Sivyo. Benki za kule humruhusu mteja kulipa hata chakula cha mchana kwa awamu, na mhudumu anataka kujua unagawa mara ngapi. Unasema “a una”, mara moja, na mambo yamekwisha.

Si kila mahali panapoulizwa. Mchana, mafundi, makarani na wanafunzi wa Bogotá hula kwenye vijumba vinavyouza corrientazo, mlo wa bei nafuu wenye supu, sahani ya wali, maharage, ndizi na kipande cha nyama, na bilauri ya juisi. Hapo hakuna tangazo wala asilimia. Unalipa mlangoni, unamshukuru mama aliyepika, unatoka. Wala muuza tinto, kahawa nyeusi anayoimimina kutoka kwenye chupa ya chai barabarani, hangoji ziada yoyote. Nilipenda sana vijumba hivyo, na nilirudi tena na tena kwenye kimoja kilicho karibu na soko la Paloquemao, ambako mpishi alikuwa akinijazia juisi bila kuniuliza. Hapo nilichoweza kumpa ni kumsalimu kwa jina na kurudi kesho yake.

Kutoka Bogotá nilikwenda Quindío, katika mkoa wa mashamba ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Mji wa Salento uko juu ya kilima, na kutoka uwanja wake wa kati magari ya jeep aina ya Willys hupeleka watu bonde la Cocora, abiria wengine wakining'inia nyuma kama makondakta wa daladala wa zamani. Nauli imepangwa na dereva hangoji nyongeza. Bondeni kuna michikichi ya nta, mti wa taifa wa Kolombia tangu 1985, mirefu hadi mita 60, na kuna mikahawa ya mbao inayouza samaki wa trauti juu ya patacón, ndizi mbichi iliyopondwa ikakaangwa hadi ikawa pana kuliko sahani.

Aliyenihudumia alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye nywele zilizofungwa kwa kitambaa cha kijani. Lafudhi yake haikuwa ya pale. Alikuwa Mvenezuela, mmoja wa zaidi ya milioni 2 walioingia Kolombia katika miaka hii ya taabu kwao. Mvua ilikuwa inanyesha, wateja walikuwa wachache, akakaa kitako kwenye benchi la meza ya pili na tukazungumza, yeye polepole kwa ajili yangu. Aliponiuliza kuhusu huduma nilikubali, kisha nikauliza swali langu: “Qué pena la pregunta, ¿y la propina sí les llega a ustedes?” Je, inawafikia kweli?

Hakuona ajabu. Alisema inawafikia. Wanaigawana kila baada ya siku 15, pamoja na mshahara, na akaanza kunihesabia kwa vidole wanaogawana: wa mezani, mpishi, msaidizi wake, na kijana wa kuosha vyombo. Akasimama, akanionyesha daftari la jalada gumu lililokuwa juu ya kaunta, lenye kurasa zilizopigwa mistari kwa mkono. Kila siku ilikuwa na mstari wake: tarehe, jumla ya bakshishi, na herufi za majina ya waliokuwa zamu. Mtu asiyekuwepo siku hiyo, nafasi yake ilikuwa na kistari. Nilimwomba ruhusa nilishike. Mwisho wa kila nusu ya mwezi palikuwa na sahihi za wote, na moja, ya muosha vyombo, ilikuwa imeandikwa taratibu kwa herufi kubwa kubwa.

Nilipenda daftari lile kuliko mandhari ya bonde, na ninalisema hilo kwa dhati. Sheria iliyotungwa Bogotá ilikuwa imefika pale juu, kwenye ukungu, ikawa mistari ya rula na sahihi ya kijana wa kuosha vyombo. Nilimsimulia juu ya kaka na bahasha. Aliuliza kama wapagazi wetu wana daftari. Nikamwambia wengine sasa wanasomewa hadharani, na wengi bado.

Ajabu ni kwamba sheria ya kazi inayomlinda mhudumu haiihesabu bakshishi kuwa mshahara. Kolombia imelisema hilo wazi katika kanuni zake za kazi, na maana yake ni kwamba mapato yale hayaingii katika hesabu ya malipo yanayotokana na mshahara. Meksiko wameamua kinyume: sheria yao ya kazi inazitambua bakshishi za wafanyakazi wa hoteli na mikahawa kuwa sehemu ya mshahara, ingawa mteja bado halazimishwi kutoa, na desturi ni asilimia 10 hadi 15. Chile, kwa sheria ya 2014, imetaka bili yenyewe ioneshe pendekezo la asilimia 10, na mteja anaulizwa kama analipa pamoja nayo au bila. Peru ina nyongeza inayoitwa recargo al consumo, ambayo sheria imeiwekea kikomo cha asilimia 13, na inaandikwa kwenye bili moja kwa moja. Jamhuri ya Dominika ndiyo iliyokaza zaidi: asilimia 10 ya wahudumu imo katika sheria ya kazi, juu yake kodi ya asilimia 18, na mgeni asiyeuliza huweza kushangaa bili ikizidi menyu kwa zaidi ya robo. Kwa hiyo Kihispania kimoja hakikupi desturi moja. Swali la kama huduma imeshajumlishwa linafaa kote, lakini jibu lake, na unachopaswa kufanya baada ya jibu, vinabadilika kila unapovuka mpaka.

Cartagena, kwenye pwani ya Karibi, nilijiona niko nyumbani kwa njia nyingine. Walinipa samaki mzima wa kukaanga na wali uliopikwa kwa nazi, wa rangi ya kahawia na utamu kidogo, kwa sababu tui huachwa lichemke hadi likauke na kukaangika kabla ya mchele kuingia. Mama wa Tanga angekuwa na la kusema kuhusu rangi ile, lakini angemaliza sahani. Ndani ya kuta za mji wa kale bei ni za watalii, na wahudumu humwita kila mwanamke mi reina, malkia wangu.

Kwenye mkahawa mmoja wa humo ndani, ambao sitautaja, bili ililetwa na huduma ikiwa imeshajumlishwa. Sikuulizwa. Kiasi chenyewe hakikunisumbua, ningekubali. Kilichonisumbua ni kwamba swali, ambalo nilikuwa nimeanza kulizoea na kulipenda, halikuulizwa. Nilimwita kijana aliyenihudumia. Nikamwambia taratibu kwamba nimeona servicio na sikuulizwa, na nikamuuliza lile langu la pili, kama pesa hiyo inamfikia. Alitazama upande wa kaunta kabla ya kujibu. Akajibu kwa sauti ya chini, akijifanya anafuta meza: ikilipwa kwa kadi haiwafikii yote. Akaongeza, “Mejor en efectivo,” ni bora taslimu.

Niliomba huduma iondolewe: “Qué pena, ¿me puede quitar el servicio?” Ni haki ya mteja, na haihitaji maelezo. Msimamizi alikuja mwenyewe na mashine ya kadi, uso umekunjamana, akaniuliza kama nimehudumiwa vibaya. Nikamjibu kwamba nimehudumiwa vizuri sana. Nikalipa chakula kwa kadi, kisha nilipokuwa natoka nikamkuta kijana karibu na ngazi, nikampa asilimia ile mkononi, na kidogo juu yake. Nilimuuliza kama nipeleke malalamiko kwa Superintendencia. Akatikisa kichwa. Yeye ndiye aliyehudumia meza yangu, alisema, na wangejua yametoka kwake.

Nilikasirika, na bado hasira hiyo ninayo. Bahasha ya kaka ilipita kwenye mikono mingi gizani. Hii ilipita chini ya tangazo lenye anwani ya kupeleka malalamiko. Mteja wa kigeni, aliye na tiketi ya kuondoka, ndiye peke yake pale ndani anayeweza kuuliza bila kupoteza kitu. Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaoona kuuliza habari za bakshishi ni ubahili, au ni kumdhalilisha mhudumu. Kijana yule hakudhalilika kwa swali langu. Alikuwa analingoja.

Nje, kando ya kuta, wanawake wa Palenque husimama na magauni ya rangi kali na mabeseni ya matunda kichwani. Wanatoka San Basilio de Palenque, kijiji cha Waafrika waliotoroka utumwa katika karne ya 17 chini ya uongozi wa Benkos Biohó, na lugha yao bado imebeba maneno ya Kikongo. Watalii huwapiga picha kisha wakagombana nao wanapodai pesa. Hapo pia la kufanya ni kuuliza kwanza: “¿Cuánto por la foto?” Huyo mama hakuombi bakshishi. Amesimama juani kwa kazi, kazi ina bei, na bei hupatanwa kabla ya picha. Nilinunua embe na papai, tukataja bei ya picha, akacheka nilipomwambia kwamba kwetu pia kina mama hubeba hivyo hivyo.

Kwa anayekwenda, hesabu zenyewe ni rahisi kuliko maelezo haya yote: asilimia 10 mahali penye tangazo, hakuna kitu kwa muuza tinto na kwenye corrientazo, na popote mhudumu anapoitazama kaunta kabla ya kujibu, toa taslimu. Kwa sababu hiyo beba pesa ndogo, noti za 2,000, za 5,000 na za 10,000, na ukipata chenji uitunze. Ile ya 50,000 yenye sura ya mwandishi García Márquez itumie kwenye duka kubwa. Mhudumu ukimpa hiyo chini ya ngazi, atalazimika kurudi nayo kaunta kuomba chenji kwa msimamizi yule yule.